Maembe ya Mahameni

Msimu uliopita jirani yetu mwalimu alikuja nyumbani na bakuli lililofunikwa kitambaa. Ni mtu wa Mbeya, amehamishiwa shule ya hapa Chiwata, na jana yake alikuwa amenunua kwangu maembe ya kuwakirimu wageni. Niliyachagua moja moja. Niliyafuta kwa kanga yenye unyevu, nikayapanga kwenye ndoo vikonyo vyote vikitazama upande mmoja, kwa sababu ndivyo nilivyo. Siwezi kumkabidhi mtu kitu ambacho sijakipanga.

"Mdogo wangu," alisema, "sikuja kugomba. Tazama tu."

Akafunua. Zilikuwa nusu mbili za embe moja. Ganda lake la njano halikuwa na doa, lakini ndani nyama ilikuwa imegeuka uji wa kahawia, na ule uji ulikuwa unatembea. Ilinichukua muda kuona kwamba ni funza, weupe, wembamba, wamejaa mpaka kwenye kokwa.

"Nililikata mbele ya mkwe," alisema mwalimu.

Bibi yangu alikuwa kibarazani anachambua mbaazi. Aliuliza huyo mkwe alifanyaje.

"Alisema ameshiba, bibi."

"Basi ana adabu. Mimi ningekimbia."

Wakacheka wote wawili, na mwalimu akakataa kurudishiwa chochote. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba nikanawa mikono, nikanawa tena, ingawa sikuwa nimeshika kitu.

Nikiri mapema kwamba mimi ni mtu wa hofu. Nikifunga mlango narudi kuujaribu. Nikiandika ujumbe wa simu naufuta mara nyingi kabla ya kuutuma. Shule niliishia kidato cha nne, kwa matokeo ambayo mpaka leo sipendi kuyataja, na kazi ya miembe nilijifunza peke yangu kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikisimama kwenye kilima nyuma ya shule ambako mtandao unashika. Nilijifunza kubebesha, yaani kuchukua kijitawi cha mwembe mzuri na kukiunga juu ya shina la mwembe wa kienyeji. Vingi vya mwanzo vilikufa. Niliendelea kukata na kufunga, mpaka bibi akasema mifuko yote ya nailoni ya nyumbani imehamia shambani. Sasa ile miti ni mirefu kuliko mimi, na ndiyo kitu pekee katika maisha yangu ambacho naweza kumwonyesha mtu nikasema, hiki nimekifanya na kimekubali.

Ndiyo maana lile bakuli lilinitisha vile. Maembe mabovu nilikuwa nayajua, yana doa, yananuka, unayatenga. Hili nililifuta kwa mikono yangu na kuliona zuri. Tangu siku hiyo embe zuri ndilo likawa linanitia mashaka.

Mwisho wa msimu ule mjomba alikuja kutoka Makote, kule Newala. Ni kaka wa mama yangu, na kwetu neno la ardhi ya bibi hupita kwake. Ana mikorosho mingi na anaipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Alizunguka shamba mikono nyuma, akaokota embe, akalipasua kwa kisu chake cha mfukoni, akalitupa. La pili vilevile. Hakufika mbali.

"Mpwa wangu," alisema, "hapa unafuga nzi."

"Nitayatafutia dawa, mjomba."

"Korosho ina ganda. Mdudu akitaka kuingia, apige hodi kwanza. Hili embe lako lina mlango gani?"

"Mwache mtoto," bibi alisema. "Ameipenda miti kuliko wanaume."

"Miti haileti mahari, mama."

Walicheka. Kisha mjomba akaacha kucheka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayepanga safari, kwamba msimu ujao atakuja tena, atapasua maembe, na akikuta hali ni ileile ataikata miembe yote apande mikorosho. Hakukasirika. Ningeona afadhali kama angekasirika. Nilimtazama bibi anitetee, naye akaendelea na mbaazi zake.

Miezi ile ya kiangazi nilisoma kila nilichoweza kukipata kuhusu nzi wa matunda. Mengi yalikuwa kwa Kiingereza, nikawa nayapitia neno kwa neno. Nilitengeneza mitego ya chupa za maji, nikaitoboa, nikaweka pamba yenye dawa ya kuvutia niliyonunua Masasi mjini, nikaitundika. Maembe yalipoanza kunenepa chupa zikaanza kujaa. Nzi wa kahawia wenye mistari ya njano, kiuno chembamba kama cha nyigu, wamerundikana mpaka huoni pamba. Nilikuwa namwaga chupa kwa furaha. Nilimwita bibi aone.

Kisha siku moja kule kilimani nilisoma sentensi ambayo nilikuwa nimeiruka. Dawa ile huvuta madume tu. Nilirudi shambani nikasimama katikati ya zile chupa zilizojaa. Majike hawakuwa na shida na chupa zangu. Walikuwa juu, kwenye maembe, wanafanya kazi yao.

Nikachukua embe lililoanguka, nikaliweka ndani ya ndoo ndogo yenye udongo wa shambani, nikafunga mdomo wake kwa kipande cha chandarua chakavu na mpira, nikaiweka chumbani kwangu. Nilitaka kuona kwa macho. Baada ya siku chache, nikiwa nakula ugali, nikasikia tik. Kimya. Tik. Nikasogea. Funza walikuwa wametoka kwenye embe. Mmoja alijikunja mpaka kichwa kikagusa mkia, akajifyatua, akagonga chandarua, akaanguka juu ya udongo. Mwingine akafuata. Sikujua kwamba funza anaweza kuruka. Sikumaliza chakula.

Jioni hawakuwepo juu. Walikuwa wamezama. Udongo ulitulia, nikaanza kujidanganya kwamba wamekufa. Nililala na ile ndoo chumbani kwa zaidi ya wiki, kila asubuhi naichungulia, na kila asubuhi ni udongo tu. Halafu asubuhi moja nzi walikuwa wanatembea juu ya chandarua, mabawa yao safi, wazima. Niliutazama ule udongo nikakumbuka shamba zima ninalolikanyaga kila siku.

Nikatoka nikaenda kwenye lundo letu.

Sisi ni watu wa korosho. Korosho haichumwi. Unafagia chini ya mti mpaka pawe kama uani, kisha unasubiri. Ikikomaa inaanguka yenyewe, unaokota. Tumelelewa hivyo, na hivyohivyo ndivyo tulivyoitendea miembe. Tunafagia, tunasubiri, yaliyo mazima yanaingia kikapuni, yaliyooza yanatupwa pembeni ya shamba pamoja na majani. Kila nyumba ina lundo lake. Langu lilikuwa safi kuliko ya wote, nililikata kingo kwa jembe likawa kama tuta. Niliingiza kijiti. Ulikuwa udongo laini, wa moto kidogo, na ndani yake vidonge vya kahawia vidogo kama mtama, vingi, vimelala kimya, kila kimoja nzi ajaye.

Nilichimba shimo la kufika kiunoni nikalizika lundo lote. Tangu hapo nikawa naokota kila kilichoanguka, asubuhi na jioni, nakizika. Na nikaanza kuchuma maembe yakiwa bado magumu, kabla hayajalainika na kuwavuta nzi. Hilo ndilo lililowachekesha watu.

"Shikamoo bibi," mama mmoja alisema akipita njiani na ndoo yake ya maji. "Mjukuu wako anazika nini kila siku?"

"Marahaba. Anazika maembe."

"Yamefiwa?"

"Yamekufa yenyewe. Akimaliza haya anakuja kwako, jiandae."

Bibi alinitania hivyo mbele ya watu, lakini tukibaki wawili alikuwa ananiangalia kwa jicho la pembeni. Alijua nahesabu wiki mpaka mjomba aje.

Na bado yalikuwa yanachomwa. Hiyo ndiyo ilinikosesha raha. Shamba lilikuwa safi, lundo halipo, na bado nilikuta kwenye maembe mabichi kitone cha utomvu uliokauka, kidogo kama chozi, mahali jike alipochoma na kutaga. Miti ya juu, karibu na nyumba, ilikuwa na nafuu. Iliyoumia ilikuwa ya chini, inayotazama bonde. Asubuhi upepo ukipanda kutoka kule nilianza kusikia harufu tamu, nzito, kama pombe ya mabibo ya mikorosho iliyosahauliwa. Kwa siku kadhaa nilijifanya siisikii, maana nilijua inatoka wapi.

Chini ya shamba letu, ukishuka kama unaelekea Lulindi, kuna mahame. Ndiko walikokuwa wakiishi kina bibi kabla watu hawajahamishiwa vijijini. Nyumba zimeyeyuka zamani, imebaki miembe, mikubwa, meusi majani yake, na chini yake makaburi ya watu wetu. Tunaruhusiwa kwenda. Tunaruhusiwa kula maembe ya pale. Lakini unakulia palepale, kokwa unaitupa palepale, na unaondoka mikono mitupu. Yanayoanguka ni ya waliolala. Hakuna aliyewahi kunieleza itakuwaje ukibeba, na kutoelezwa huko ndiko kulikonifanya nisijaribu.

Nilishuka mchana, jua kali. Nilianza kusikia kabla sijaona, mvumo wa chini usiokatika. Nikafika nikasimama ukingoni. Ardhi yote chini ya ile miembe ilikuwa maembe, ya juma hili juu ya ya juma lililopita, juu ya ya kabla yake, yamepondeka yakawa tope la njano, na tope lilikuwa linatikisika. Nzi walikuwa wametua juu ya majani, kila jani, wanasafisha mabawa. Hawakuruka nilipopita. Hawakuwa na sababu ya kuniogopa. Hakuna mtu aliyewahi kuwagusa pale.

Nilipogeuka kupanda nikaangalia bonde. Sikuwahi kuliangalia kwa jicho lile. Huko chini, mpaka mbali, kulikuwa na mabaka ya kijani kizito, moja hapa, jingine kule, katikati ya pori jepesi. Kila baka ni mahame ya ukoo fulani, na kila ukoo una miembe ambayo haubebi.

Bibi alikuwa anamenya mihogo nilipomweleza. Hakuinua kichwa.

"Yale si yetu," alisema.

"Naomba niyazike tu, bibi."

"Si yetu, nimesema."

"Mjomba anakuja. Atakata miti yangu."

"Ataikata. Itakuwa imekatwa na mtu tunayemjua." Alitupa muhogo kwenye beseni. "Mama yangu yupo pale. Mwanangu wa kwanza yupo pale. Siku tuliyohamishwa tulibeba majembe na vyungu, wao hawakubebwa. Mama hana soko kule chini, hana duka. Ana maembe. Sasa unataka ukamnyang'anye?"

Kisha nikasema jambo ambalo niliogopa hata nilipokuwa nalitamka. "Bibi, wanaoyala ni nzi."

Alimenya muhogo mmoja mpaka ukabaki mwembamba kama kidole, akautazama, akauweka chini. Hakunisemesha mpaka tukalala, na kesho yake hakunisemesha vilevile, nikaamini nimeharibu zaidi ya miti. Jumapili aliporudi kanisani hakuvua nguo zake nzuri. Alisimama mlangoni.

"Hilo shimo lako ungelichimba wapi?"

"Mlemle mahameni."

"Hakuna litakalotoka?"

"Hata kokwa, bibi."

"Basi huyabebi," alisema, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nabisha. "Chukua jembe. Na chepe. Usichukue kikapu, wasije wakatuelewa vibaya."

Alikuwa na unga wa mtama umefungwa kwenye pembe ya kanga. Tulishuka taratibu, ameshika bega langu. Tulipofika aliusikia ule mvumo, akasimama, na mkono wake ukanibana. Nadhani alikuwa hajafika pale wakati wa maembe kwa miaka mingi. Alimwaga unga kidogo penye kichwa cha kaburi la mama yake, akaongea Chimakonde, haraka na kwa sauti ndogo, na nilichoshika ni kwamba alikuwa ananisingizia mimi. Alimwambia mama yake kwamba huyu mtoto ni msumbufu, asikilizwe tu ili anyamaze.

Niliogopa kuchimba. Sikujua nani amelala wapi, makaburi mengine hayana hata jiwe. Bibi alipita katikati ya tope akiinua sketi yake ya kanisani, akatazama mwembe huu na ule, akapima kwa macho, akapiga mguu chini. "Hapa. Hapa palikuwa jiko."

Nilichimba. Udongo ulitoka mweusi, wenye majivu na vigae vya vyungu. Nilipofika magotini jembe likagonga kitu kigumu, cha mviringo. Nililiachia jembe nikaruka kutoka shimoni, na nasema wazi kwamba nilipiga kelele.

Bibi aliinama akachungulia. Alicheka mpaka akashika mti. "Figa hilo! Umekimbia figa!" Nililitoa. Lilikuwa jiwe la kupikia, jeusi upande mmoja. Alilipangusa kwa kiganja, na kicheko chake kikaisha katikati. Alikaa nalo mapajani muda wote niliokuwa nachimba, na tulipoondoka aliliacha pale, juu ya kaburi la mama yake.

Nilizika siku ile, nikazika kila siku baada ya hapo. Nilichimba mashimo mapya katika lile jiko mpaka likabaki halina umbo. Niliparua ardhi chini ya miembe na kugeuza udongo, vile vidonge vya kahawia vikatoka juani na siafu wakavibeba. Mvua zikaanza. Kila mvua iliponyesha nilikwenda kuyatazama mashimo, nikiogopa yamefunguka. Nilikanyaga udongo juu yake, nikakanyaga tena, nikaota kwamba nausikia ukifanya tik. Mvumo ulipungua. Ulipungua lakini haukuisha, na upepo ulipopanda kutoka bondeni, kutoka kwenye yale mabaka ya watu wengine, harufu bado ilikuwemo, nyembamba.

Mjomba alikuja na bodaboda. Shoka lilikuwa limefungwa kwenye kiroba, mpini umechomoza nyuma ya mgongo wake. Alimwamkia bibi, nikamwamkia yeye, akaitikia marahaba, akaomba meza. Nilitoa meza, nikaifuta. Nilitaka kuweka maembe niliyoyachagua.

"Hapana," alisema. "Nachagua mimi."

Alichuma mwenyewe mti kwa mti, akaja na kofia imejaa. Alikaa akapasua la kwanza. Nyama ya rangi ya chungwa, safi. Akapasua jingine. Safi. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Mjomba alipasua kimyakimya, bila kunitazama, na kila kisu kilipozama mimi nilifunga macho. Meza ilijaa nusu za njano. Nikaanza kupata ujasiri wa kupumua.

"Hili ni la mti gani?" aliuliza.

Lilikuwa limebaki moja. Nililitambua. Lilitoka mti wa mwisho chini, ule unaotazama bonde. Halikuwa na doa. Sikuona hata kitone cha utomvu, na nililitazama kwa makini kuliko nilivyowahi kutazama kitu.

Alipasua. Uji wa kahawia, na funza mmoja akajikunja, akajifyatua, akaanguka juu ya meza niliyoifuta.

Mjomba alimwangalia yule funza akijikunja tena. Akambonyeza kwa bapa la kisu. Kisha akachukua nusu moja ya embe safi, akaila mpaka kwenye kokwa, maji yakamtiririka kidevuni, akaila na ya pili yake.

"Mwaka jana sikupata hata moja la kula," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Sikati."

Nilianza kulia, jambo ambalo halikumfurahisha. Alisimama akafungua kiroba, akatoa shoka, na kilio kikanikauka. Alilibeba mpaka kwenye kibanda ninapoweka vikapu na chupa, akaliegemeza ukutani, ndani, karibu na mlango.

"Litakaa hapa," alisema. "Bodaboda inanitikisa vya kutosha, sina haja ya kupanda na kushuka nalo kila mwaka."

"Usiliegemeze hapo, panavuja," bibi alisema. "Litashika kutu."

"Lisishike kutu, mama."

Aliondoka na maembe ya wanawe, nimeyapanga vikonyo upande mmoja. Shoka lipo mpaka leo. Naliona kila asubuhi ninapoingia kuchukua jembe la kwendea mahameni. Nilijaribu kulifunika kwa gunia, nikashindwa kuvumilia kutojua hali yake likiwa chini ya gunia. Juzi baada ya mvua niliona alama nyekundu ya kutu kwenye makali, ndogo kama ukucha. Nikaenda ndani nikachukua mafuta ya kupikia na kitambaa, nikalifuta mpaka likang'aa, nikalirudisha palepale.